Kusasisha na kulinda kompyuta yako kwa bando na stima ya Mombasa: hatua kwa hatua

Khala mmoja, mshonaji wa mabuibui huko Majengo, aliniletea laptopu yake imefungwa ndani ya leso, asubuhi hata sijamaliza kufungua duka. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaani kwake, na hesabu zote za chama zilikuwa mle: nani katoa, nani anadaiwa, zamu ya nani inafuata. Nilipoiwasha, mafaili yalikuwepo, ila kila moja limeongezwa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Kando yake palikuwa na barua fupi ya Kiingereza: lipa dola 490 ndani ya saa 72, zikipita ni dola 980.

"Mwanangu, hawa ni nani? Nimewakosea nini?"

Hakuwakosea kitu, wala hawamjui. Kijana aliyemwekea Windows alikuwa amemzimia masasisho ili yasimlie bando, kisha akazima na kinga ya virusi ili programu ya kuvunja leseni iingie bila kuzuiwa. Kompyuta ikaachwa hivyo hivyo miezi na miezi, ikingoja wa kuipitia.

Mwongozo huu ni wa watu kama khala, na wa vijana wenye saiba ndogo za kompyuta nne tano, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea, wanaoshika vitambulisho na PIN za watu kutwa nzima. Hapa kwetu mtu huahirisha sasisho kwa sababu mbili za haki kabisa: bando ni pesa, na stima haina ahadi. Sitajifanya sababu hizo hazipo. Zote mbili zina dawa.

Kwanza ieleweke sasisho ni kitu gani. Mfumo wa kompyuta, uwe Windows, Mac au Linux, umeandikwa na binadamu, na ndani yake mna makosa. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ambayo mtu wa nje anaweza kupita. Kampuni ikiligundua tundu, hushona kiraka na kukigawa kwa watu wote. Tatizo ni kwamba siku kiraka kinapotoka, wezi nao hukifumua waone kimeziba wapi, kisha huenda kuwatafuta ambao bado hawajakitia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa la Windows. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu lile lile na kusambaa katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Aliyekuwa ametia kiraka cha Machi, kwake tundu hilo lilikuwa limeshazibwa.

Hatua ya kwanza: jua unatumia nini

Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kidirisha kidogo kitatokea. Andika winver, bonyeza Enter. Utaona kama una Windows 7, 10 au 11, na chini yake nambari ya toleo kama 22H2 au 24H2. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya leo. Nasema daftari la karatasi, kwa sababu siku kompyuta ikigoma kuwaka hutaweza kusoma kilichoandikwa ndani yake.

Sasa linganisha. Windows XP iliacha kupewa viraka tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ni 14 Januari 2020. Windows 8.1 ni 10 Januari 2023. Windows 10, ambayo ndiyo nyingi mjini, ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki tarehe hizo zikifika, na hapo ndipo watu hudanganyika: inawaka vilevile, inachapisha vilevile, ila kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi. Hata vivinjari huanza kuihama. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mwaka 2023, kwa hivyo saiba inayofungua tovuti za serikali za eCitizen na iTax kwa Windows 7 inatumia mfumo mkongwe na kivinjari kikongwe kwa pamoja.

Kama uko kwenye Windows 11, toleo nalo lina umri. Kwa Home na Pro kila toleo hupewa viraka kwa miezi 24, halafu sharti uhamie linalofuata.

Hatua ya pili: nakala kabla ya chochote

Usiguse sasisho hata moja kabla hujatoa nakala ya vitu vyako. Nunua diski ya nje, au hata flashi mbili nzuri, unakili folda za Documents, Desktop na Pictures, na popote unapoweka kazi. Fungua mafaili matatu manne kutoka kwenye hiyo diski uhakikishe yanafunguka. Nimeona nakala nyingi ambazo hazijawahi kujaribiwa na siku ya shida zikakutwa tupu. Kisha ichomoe. Sehemu ya kuichomoa ndiyo watu hawaifuati, na ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana programu inayoteka mafaili hufunga kila diski inayoikuta imeunganishwa, pamoja na hiyo uliyoiita akiba.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa bandarini watakielewa haraka. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianzia Ukraine na kuingia kampuni ya meli ya Maersk. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 (kompyuta zinazohudumia nyingine) na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika kote duniani, isipokuwa moja, iliyokuwa ofisi ya Ghana. Ilinusurika kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko na haikuwa kwenye mtandao wakati kirusi kinapita. Kampuni nzima ilijengwa upya kutokana na diski hiyo moja. Na tuwe wakweli: NotPetya iliangusha hata kompyuta zenye viraka vyote, kwa sababu ilikuwa pia inaiba nywila za wasimamizi na kuzitumia kupita kutoka mashine hadi mashine. Ndiyo maana nakala inatangulia sasisho katika mwongozo huu.

Hatua ya tatu: sasisho lenyewe

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Windows Update, ambayo iko mwisho wa orodha ya kushoto. Kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, halafu Windows Update. Bofya "Check for updates". Orodha ikija, iache ipakue na kujisakinisha. Ikimaliza itakuomba uwashe upya.

Hapa simama kidogo. Kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja. Windows ina tabia ya kuzima nusu, ikahifadhi sehemu ya mfumo ili ikiwaka kesho iwake haraka, kwa hivyo ukichagua "Shut down" ya kawaida sasisho linaweza kubaki nusu njia. Chagua "Update and restart", au "Restart" tupu. Na wale wanaofunga tu kifuniko cha laptopu kila jioni wiki tatu mfululizo, sasisho lenu limepakuliwa zamani. Linangoja mwashe upya. Ikiwaka, rudi pale pale ubofye "Check for updates" mara ya pili. Mara nyingi kuna jingine lililokuwa likingoja la kwanza lipite. Rudia mpaka iseme uko sawa.

Viraka vya kawaida vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Tia alama kwenye kalenda. Mimi kompyuta zangu huziachia mpaka Jumamosi usiku, ili kama kiraka kina kasoro iwe imeshajulikana. Zaidi ya hapo sisubiri. Kuna anayesema masasisho huharibu kompyuta, na si uongo mtupu: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama. Lakini tatizo lile lilitengenezeka, na mafaili ya watu yalibaki salama. Mafaili ya khala hayakurudi. Ukihitaji kusogeza, kitufe cha "Pause" kinaruhusu mpaka wiki tano. Kitumie kwa sababu maalumu, kwa mfano wiki ya mwisho wa Juni ambapo saiba imejaa watu wa ritani za kodi za KRA wanaokimbiza tarehe 30, halafu kiondoe.

*Bando.* Sasisho la mwezi huwa mamia ya megabaiti, na kuna miezi linapita gigabaiti moja. Kuhama toleo zima ni gigabaiti kadhaa. Anayetumia hotspoti ya simu afanye hivi: Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua sifa za mtandao uliounganishwa nao, washa "Metered connection". Hapo Windows itajua kuwa intaneti hii inapimwa na haitavuta mizigo mikubwa bila ruhusa. Halafu chagua siku moja kwa mwezi uende mahali penye Wi-Fi isiyopimwa, kwa ndugu au ofisini, laptopu na chaja mkononi, uvute vyote kwa pamoja. Kuwasha "Metered" na kutokwenda popote ni sawa na kuzima masasisho kabisa, na nimewakuta wengi walioishia hapo.

Kama kinachokula bando hakijulikani, kwenye ukurasa huo wa mtandao kuna "Data usage" inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Mara nyingi wa kulaumiwa si sasisho. Ni OneDrive, ghala la Microsoft la mtandaoni, inayopandisha picha za harusi, au video zinazojicheza zenyewe kwenye kivinjari.

Kwa kompyuta isiyopata mtandao kabisa, Microsoft ina ghala la viraka liitwalo Microsoft Update Catalog. Chukua nambari ya kiraka, ile inayoanza na KB, pakua faili la toleo lako kwa kompyuta ya mtu mwingine, beba kwa flashi, libofye mara mbili. Ni kazi ya mikono, lakini inafaa.

*Stima.* Laptopu iwe imechajiwa angalau nusu na chaja iko ukutani kabla hujaanza. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba) usiisasishe jioni ya mvua kubwa, maana hapo ndipo stima hupotea. Ikipotea katikati usihangaike wala usianze kubonyeza kila kitu. Mara nyingi ikiwaka itajirudisha ilikokuwa, na kioo kitaandika kuwa inafuta mabadiliko. Hilo huchukua dakika ishirini, wakati mwingine saa nzima, na asilimia hukaa mahali pamoja mpaka ukadhani imekufa. Iache. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu "zimeuliwa na apdeti" zilizimwa kwa nguvu na mwenyewe wakati zikijirudisha.

Sasisho la BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, ni jambo jingine. Hilo likikatika katikati, ubao mama unaweza usiwake tena. Lifanye mchana, betri imejaa, chaja imechomekwa. Kwa Windows 11 inayofunga diski kwa BitLocker, hakikisha kwanza una ufunguo wa kuifungua. Huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Unakili kwenye lile daftari.

Kompyuta nyingi chini ya paa moja

Wenye saiba, hili lenu. Kompyuta sita zikivuta sasisho la gigabaiti moja kila moja kivyake, mmelipa sita. Lakini Windows inaweza kuvuta kutoka kwa jirani yake. Ndani ya Windows Update fungua "Advanced options", kisha "Delivery Optimization", washa ruhusa ya kupakua kutoka vifaa vingine, na uchague vile vilivyo kwenye mtandao wako wa ndani tu. Kwenye Windows 10 ukurasa huo uko ndani ya Update & Security. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote. Kisha isasishe moja kwanza, Ijumaa usiku, uiache iwake. Kesho yake ziwashe nyingine, zitachukua sehemu kubwa ya mzigo kutoka kwake kupitia waya wa hapo ndani. Na kwa kuwa moja imetangulia, utajua mapema kama printa imegoma au programu fulani haifunguki, kabla hujagusa tano zilizobaki.

Bandika ukutani karatasi yenye safu ya kila kompyuta na tarehe ya sasisho lake la mwisho. Mteja akikupa kitambulisho chake ukipige skani, kinabaki kwenye folda ya kompyuta hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na data ikivuja aripoti kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Futa folda ya skani na ya Downloads kila jioni kabla ya kufunga, na umwage pipa la taka pia.

Windows ya krak

Najua inauma kusikia, na najua bei ya leseni ukiilinganisha na mapato ya duka. Lakini lazima nieleze kinachotokea, kwa sababu wengi hawaambiwi. Programu ya kuvunja leseni hukutaka kwanza uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Aliyeipakia mtandaoni hakuifanya kwa hisani. Mara nyingi ndani yake kuna kitu cha pili, na aina hii ya utekaji uliompata khala husambazwa sana kwa njia hiyo hiyo. Na fundi akitaka krak isigunduliwe, huzima huduma nzima ya masasisho.

Kuangalia kama umezimiwa: kitufe cha Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Update" kwenye orodha. Ikiwa imeandikwa "Disabled", ibofye mara mbili, ibadilishe iwe "Manual", bofya Apply kisha Start. Halafu fungua Windows Security uone kama Defender iko hai. Defender inakuja bure ndani ya Windows 10 na 11, na kwa mtu wa kawaida inatosha. Huhitaji kununua kinga nyingine juu yake. Kama hata hiyo haikubali kuwaka, au huduma inajizima tena kila ukiwasha, usipigane nayo. Toa mafaili yako, futa diski yote, weka Windows upya kwa faili la usakinishaji lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, si flashi inayozunguka mjini. Laptopu nyingi zilizotumika huwa na leseni yake halali iliyofichwa ndani ya ubao tangu kiwandani, na ukiweka aina ile ile ya Windows iliyokuja nayo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Watu huvunja leseni ambayo tayari wanayo.

Kompyuta iliyozeeka, na ile unayotaka kununua

Windows 11 inataka RAM ya gigabaiti 4, diski ya 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa prosesa za Intel ni kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Kizazi husomwa kwenye jina. i5-6300U ni cha sita. i5-8350U ni cha nane. i7-10510U ni cha kumi. Ukienda kwenye maduka ya mitumba ya ex-UK usikubali kuambiwa tu "ni core i5 boss". HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G5 kwa kawaida ni cha nane; ThinkPad T470 iko chini ya mstari, T480 kwa kawaida iko juu. Kwa macho zinafanana kama mapacha, tofauti ya bei huwa elfu chache, lakini moja itapata viraka na nyingine haitapata. Fungua winver na ukurasa wa System hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa.

Ambaye tayari anayo ya zamani yenye Windows 10 ana njia mbili. Kwa kompyuta za nyumbani zenye toleo la 22H2, Microsoft iliongeza mpango wa viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Kiungo cha kujiandikisha hutokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako huko. Njia hiyo inakupa muda wa kujipanga, basi.

Njia ya pili ni kuhamia Linux, na hii naipenda kuliko nilivyoipenda miaka kumi nyuma. Linux Mint inakaa vizuri kwenye laptopu ya RAM ya 4, haina leseni ya kununua, na toleo la 22 lina viraka hadi 2029, sawa na Ubuntu 24.04 ambayo ndiyo msingi wake. Faili lake ni takriban gigabaiti 3. Unaweza kuliweka kwenye flashi ukaliwasha na kulijaribu bila kugusa kilichomo kwenye diski. Kusasisha ni kubofya ile ngao ndogo pembeni ya chini, au kufungua terminali (dirisha la kuandika amri) na kuandika:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Amri ya kwanza inauliza kuna nini kipya, ya pili inakileta. eCitizen, barua pepe, YouTube, vyote ni kivinjari, vitafanya kazi. Anayetegemea fomu za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) ajaribu kwanza kabla hajahama.

Wa Mac: menyu ya tufaha, System Settings, General, Software Update. Apple kwa kawaida huvipa viraka vizazi vitatu vya karibuni.

Milango mingine

Kivinjari husasishwa peke yake, lakini nacho kinataka kufungwa na kufunguliwa. Ukiona kitufe cha rangi juu kulia kwenye Chrome, ndicho kinachoomba. Sasisho la kweli halikujii kama ukurasa unaosema "kivinjari chako kimepitwa, pakua hapa". Ukurasa kama huo ni mtego, ufunge. Vivyo hivyo anayekupigia simu akisema ni Microsoft ameona virusi kwako. Microsoft haipigi simu za namna hiyo.

Flashi ndiyo mbu wa mji huu. Inatoka chuoni, inapita saiba, inaingia ofisini. Ukiichomeka ukaona folda zako zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), usibofye hata moja: kirusi kimeficha folda halisi na kuweka mtego wenye majina yale yale. Fungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, na kama flashi ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Kisha futa zile njia za mkato na uichunguze flashi kwa Defender: bofya kulia juu yake, chagua kuiskani.

Na usitumie kompyuta kila siku kwa akaunti ya msimamizi. Tengeneza akaunti ya pili ya kawaida kwenye Settings, Accounts, Other users, ndiyo wewe na watoto mfanyie kazi. Kirusi kikiingia hapo kinakuwa na nguvu za akaunti hiyo tu, na programu nyingi zinazotaka kujisakinisha zitalazimika kuomba nywila ya msimamizi. Kwenye saiba wateja wasiguse akaunti nyingine yoyote.

Likiwa limeshakupata

Ukiona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako, chomoa waya wa intaneti, zima Wi-Fi, chomoa diski zote za nje. Piga picha ya ile barua kwa simu. Usilipe, hakuna anayekuhakikishia utapewa ufunguo, na pesa hiyo inamnunulia mwizi mtu wa kesho. Unaweza kuripoti kwa KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia visa vya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa kompyuta nyingine iliyo safi fungua tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi, na kampuni mbili za usalama. Unapakia faili moja lililofungwa na ile barua, nayo inakwambia ni aina gani na kama ufunguo wake umeshapatikana. Ni bure. Nywila zako zibadilishe zote, barua pepe kwanza, kutoka kwenye kifaa safi.

Na mafaili yaliyofungwa usiyafute. Funguo hupatikana baadaye, mara nyingine baada ya mwaka au zaidi, polisi wakikamata seva ya wezi au mtaalamu akigundua kosa lao.

Ya khala bado. Hesabu za chama tuliziandika upya kwa siku mbili, yeye akisoma kwenye kijitabu cha michango na kwenye ujumbe wa M-Pesa, mimi nikichapa. Laptopu yake sasa ina Mint. Flashi ya nakala anaiweka kwenye bati la vifungo, kando ya cherehani, na kila Ijumaa baada ya swala anaichomeka, ananakili, anaichomoa. Diski ya zamani iko kwenye droo yangu, imeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Kila baada ya miezi michache naichomeka kwenye kompyuta isiyo na kitu, napakia faili moja, naangalia.